Hadubini, Mthamini Aliyekataa Kuandika Dhahabu

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, yule msusi. Familia imempa kazi hii kwa sababu ndiye aliyegombana na marehemu kwa miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa hiyo ndiye anayemfahamu.

Marehemu, mliyemjua kwa jina la Hadubini, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi saa. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa tarehe 15. Mtu mwingine angeishi nayo. Marehemu alikwenda ofisi ya vizazi mara tisa, akapanga foleni mara tisa, mpaka karani akairekebisha ili tu asimwone tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Masomo aliyaweza, kilichomshinda ni kunyamaza. Akiwa kidato cha tatu, siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu aliinua kombe mbele ya wazazi akaliita la fedha. Marehemu, aliyekuwa safu ya mbele, akasema kwa adabu kabisa kwamba lile ni bati lililopakwa rangi. Baba aliitwa shuleni. Alipofika akaomba kombe, akaligonga kwa ukucha, akasema mtoto hajakosea. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Tangu siku hiyo hakupatikana wa kumzuia.

Baada ya shule alikaa miaka mitano kwa sonara mmoja akijifunza madini na vito, kisha akasomea uthamini. Mwezi Mei 1976 aliajiriwa na kampuni ya bima kuwa mthamini wa mali za nyumbani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2011. Kwa wasiojua, kazi yenyewe ilikuwa hii: ukitaka kukatia bima vitu vyako vya ndani, yeye ndiye aliyetumwa kuvitazama na kuandika kila kimoja ni nini na kina thamani gani, ili kikiibwa au kikiungua kampuni ijue cha kulipa. Aliingia nyumba za watu na lenzi mfukoni, daftari kwapani, na mizani ndogo ndani ya mkoba. Alipindua mazulia akahesabu mafundo, akavuta droo, akanusa mbao. Chai hakuigusa mpaka amalize, kwa madai kwamba chai hupandisha bei. Watu walimpokea wakijua wana mali, wakamsindikiza hawajui wana nini. Mwenye nyumba akimweleza kwa machozi kwamba kabati lile aliachiwa na babu yake, marehemu aliitikia kwa kichwa, kisha akaandika: “Kabati, mbao laini, mguu mmoja umebadilishwa.” Bima, alikuwa akisema, hailipi kumbukumbu.

Mwaka 1978 alimpenda binti mmoja, fundi cherehani. Siku aliyokwenda ukweni kujitambulisha, mama mkwe aliandaa meza kwa sahani zake za kaure, zile zisizotolewa ila kwa wageni wakubwa. Kabla hajapakuliwa, marehemu aligeuza ya kwake akatazama chini, akatazama na za jirani, akasema ni sahani nzuri sana, ila mbili zimewahi kuvunjika zikagundishwa. Baba mkwe hakuwa na habari. Mama mkwe alikuwa ameificha siri hiyo miaka kumi na miwili. Ndoa ilifungwa hata hivyo, Jumamosi tarehe 21 Aprili 1979, wakajaliwa mabinti wawili. Mkewe anasema kwamba katika miaka karibu arobaini marehemu hakuwahi kumwambia amependeza bila kwanza kukagua mshono.

Sasa lisemwe lile ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Mama yetu alifariki mwaka 1990 akamwachia mdogo wa marehemu, huyu msusi, mkufu wake, aliopewa na baba walipooana. Hakuna picha ya mama ambayo hakuuvaa. Mwezi Juni 1991 mdogo mtu aliamua kukatia bima vitu vya nyumbani kwake, na kama mjinga akamwita kaka yake mwenyewe. Marehemu alianza kwa kuandika barua kwa kampuni kueleza kwamba mteja ni ndugu yake wa tumbo moja. Kisha akaketi dirishani na mkufu ule saa nzima, na alipomaliza aliandika kwamba ni shaba iliyopakwa dhahabu.

“Mama alivaa dhahabu miaka yote ile,” mdogo wake alimwambia.

“Mama alivaa shaba. Mpako umekwisha upande wa shingoni, tazama mwenyewe.”

“Kwa hiyo baba alimdanganya?”

“Alidanganya, au alidanganywa. Fomu haiulizi.”

Mwezi Oktoba 1994 wezi waliingia nyumba ile mchana, mwenyewe akiwa saluni. Walibeba redio, televisheni, pasi na mkufu. Kampuni ililipa kila kitu kama kilivyoandikwa, na kwa mkufu ikalipa bei ya shaba. Mdogo mtu alimfuata kaka yake ofisini, akamwomba abadilishe mstari mmoja tu. Si kwa ajili ya fedha, bali ili mama yake asiondoke duniani mara ya pili akiwa amevaa kitu cha bandia. Marehemu alisema saini yake iko kwenye orodha za nyumba elfu kadhaa, na akiongopa kwenye moja, zote zimeingia doa. Waliachana hapo. Kwa miezi kumi na minne hawakusemezana, na salamu zilipitia kwa mke wa marehemu, ambaye alichoka akawaambia wote wawili kwamba yeye si posta.

Asichokijua mdogo mtu ni kwamba kila Jumamosi kaka yake alikuwa akizunguka maduka ya masonara na vibanda vya vitu vilivyotumika, mtaa kwa mtaa, na nakala ya orodha yake mkononi. Hakuna sonara aliyekuwa ameutaka mkufu wa shaba. Aliukuta nyuma ya soko, kwenye trei ya mapambo ya bei ya chini, chini ya bangili za plastiki. Aliutambua kwa maandishi yake mwenyewe: pingili mia moja na nane, na ya tisa kutoka kwenye kifungo imeunganishwa upya kwa mkono wa fundi saa. Akaununua.

Jumapili tarehe 10 Desemba 1995 alibisha mlangoni kwa mdogo wake. Hakuomba radhi wala hakueleza alikotoka. Aliweka mkufu mezani, na kando yake karatasi.

“Hesabu pingili kwanza,” alisema, “kisha utie saini kwamba umepokea.”

Mdogo wake alianza kuhesabu, akapotea njiani mara tatu, na mara zote tatu marehemu alimwambia aanze upya, maana akilia atakosea. Alifika mia moja na nane. Alitia saini. Hakuwahi kumsamehe kwa ile karatasi, na anayo mpaka leo.

Maumivu ya tumbo yalimwanza marehemu mwezi Machi 2018. Kila alipofika zahanati muuguzi alimwomba ayapime maumivu yake kwa kipimo cha moja hadi kumi, na kila mara alijibu tatu, huku shati limelowa jasho. Mkewe alipobisha, aliambiwa asiingilie kazi ya kitaalamu. Mwezi Desemba alianguka mlangoni pa bafu, akapelekwa hospitali, na ikagundulika ni saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Akiwa kitandani, baada ya kumjulisha muuguzi kwamba gurudumu moja la kitanda si la kitanda kile, alidai asomewe wasifu huu kabla haujachapwa. Alifuta “mpole”. Alifuta “mcheshi”. Akataka iandikwe tu kwamba alikuwa sahihi.

“Hukuwa sahihi kila mara, kaka,” mdogo wake alimwambia.

“Lini sikuwa?”

“Ulipowaambia tatu.”

Aliushika mkono wa mdogo wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wakiwa watoto.

“Hiyo isiandikwe,” alisema.

Imeandikwa.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 7 Februari 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe na mabinti wake wakiwa kando yake. Ameacha mjane, mabinti wawili na waume zao, wajukuu watatu, mama mkwe mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, na mdogo mmoja ambaye hajui sasa atagombana na nani.

Apumzike kwa amani, na waliomtangulia wamvumilie.