Kinanda cha Selwyn Kimeongezeka Uzito

Benchi letu liko nyuma ya ukumbi wa mji wetu wa Burslem, Uingereza, mkabala na mlango wa kuingizia vyombo vya muziki, hatua chache kutoka kibanda cha Maureen anayeuza chai na chapati za unga wa oti zenye jibini. Yupo Profesa, jina lake halisi Clifford Machin, anayesoma gazeti moja kwa wiki na kulifundisha siku sita zilizobaki. Yupo Kamba, yaani Reg Colclough, mrefu na mwembamba, hajawahi kukubali kushindwa na fundo wala na hoja. Na mimi, Dennis, wananiita Breki, kwa sababu kwenye ngazi mimi hukaa chini, na kitu kikiteleza kinakomea kifuani mwangu. Tangu mwaka 1971 kazi yetu ni moja: kubeba kinanda cha Selwyn Podmore, na Selwyn sasa ana miaka sabini na saba, na siku ya kisa hiki ilibaki moja tu apige onyesho la kuaga hapa mjini kwetu. Kinanda chenyewe, cha umeme na mbao, kikubwa kama kabati, kilikuwa mbele yetu, chini ya ngazi kumi na tisa. Tulikuwa tumejaribu mara mbili na mara zote mbili tukaishia ngazi ya tatu. Selwyn akatuma neno: kama hadi saa tisa alasiri hakijafika jukwaani, atapiga kinanda kingine, chembamba, cha plastiki, na sisi twende zetu nyumbani tukapumzike. Hilo neno kupumzika lilituuma kweli kweli.

— Kimeongezeka uzito, akasema Kamba. Niueni mkitaka, kimeongezeka.

— Kinanda hakinenepi, bwana, nikasema.

— Wewe Breki ulikuwa chini yake. Hukukiona kikinenepa?

Kusema kweli nilikiona.

Profesa akapuliza chai yake, dalili kwamba somo linaanza.

— Hiyo ni bia. Mtu amepiga maonyesho elfu tatu. Kila onyesho anaweka glasi juu ya kinanda, na kila onyesho anaimwaga akipandisha mori. Mbao zinaifyonza yote.

— Bia inakauka, Profesa, nikasema.

— Ya hapa inakauka. Ya Ujerumani haikauki. Hamburg peke yake ilikiongezea kilo nne.

— Acha fiksi zako! Kamba akaweka kikombe chini. Si bia, ni muziki. Breki, unaikumbuka Leeds, mwaka sabini na nne?

— Nitaisahauje?

— Selwyn akaanza kile kipande chake cha kupiga peke yake. Mpiga ngoma akashuka jukwaani, akaenda kula samaki na chipsi, akarudi, akakaa. Mtu bado anapiga!

— Na foleni ya chipsi ilikuwa ndefu siku ile, nikasema. Nilikuwa naye.

— Sasa nijibuni. Noti zote zile zilikwenda wapi? Spika yenyewe ina tundu kama hivi. Zilizotoka ni nusu. Nusu zimo humo ndani, zimebanana.

— Zimebanana! nikadakia.

— Na Rotterdam je? Kamba akaendelea. Umeme ukakatika, yeye akaendelea kupiga dakika kumi, macho kafumba, hana habari. Watu wakampigia makofi gizani. Zile za Rotterdam hazikutoka hata moja!

Nikaona mambo yananoga, nami nisibaki nyuma.

— Nyinyi mnakisingizia kinanda bure. Tatizo ni ngazi. Chini ya mji huu wamechimba makaa ya mawe miaka mia mbili. Mji unadidimia, ukumbi unabaki pale pale. Hizi ngazi zinarefuka kila mwaka.

— Lakini zilikuwa kumi na tisa na bado ni kumi na tisa, akasema Profesa.

— Idadi ni ile ile. Kimo cha kila moja ndicho kimebadilika.

Wakatikisa vichwa kuipa heshima hoja yangu. Halafu Profesa akainama, akashusha sauti.

— Nimelikalia hili kwa muda mrefu. Mnamkumbuka Trevor?

— Trevor wa gitaa?

— Mwaka themanini na mbili, Selwyn alipoaga jukwaa mara ya kwanza. Siyo hii ya kesho, hii ya kesho ni ya saba. Trevor akatoka chumba cha nyuma akisema anakwenda kutafuta sigara. Nani alimwona tena?

— Wee Profesa!

— Mimi nauliza tu. Nani?

Tukakitazama kinanda. Kweli kina nafasi ya mtu, hasa mtu mwenyewe akiwa mpiga gitaa, maana wale hawali. Kamba akainuka, akakigonga mara tatu kwa adabu.

— Trevor?

Tukatega masikio. Mimi nikagonga upande wa pili.

— Trevor, ndugu yangu, kama umo humo sema tu, hatuna kinyongo.

— Samahani, ikaita sauti nyuma yetu. Trevor ni nani?

Alikuwa mama mmoja wa makamo, koti la mvua, funguo nyingi mkononi. Akajitambulisha: Hansa Solanki, meneja mpya wa ukumbi, ana wiki mbili tu kazini. Tukamweleza yote, bia, noti, makaa ya mawe na Trevor, kila mtu akimkatiza mwenzake. Akasikiliza bila kucheka. Nilimpenda kwa hilo.

— Kimeanza kuwa kizito lini?

— Machi, tukasema sote kwa pamoja.

Akakizunguka kinanda polepole. Akashika kishikio cha mbele kushoto, cha mbele kulia, cha nyuma kushoto, kisha kile cha nne.

— Vishikio ni vinne, akasema. Mbona nyinyi mko watatu?

Profesa akachungulia ndani ya kikombe chake, hakikuwa na kitu. Kamba akaanza kufungua fundo ambalo halikuwa na shida yoyote. Mimi nikaanza kuhesabu ngazi upya.

Wa nne wetu, Wilf Bloor, tulimzika tarehe tisa Machi, mvua inanyesha. Kona yake ilikuwa nyuma kulia, miaka hamsini na kitu. Mwezi wa nne Selwyn alitaka kutuletea mtu mwingine, tukamwambia hatuhitaji mtu, tunatosha. Tangu siku ile hatukulitaja jina la Wilf hapo benchini hata mara moja, na mimi nilikuwa namkumbuka kila asubuhi.

Saa tisa kasoro robo. Maureen akafunga kibanda, chai imekwisha.

— Shika hapo, dada, nikasema. Lakini kuna sharti. Ukifika ngazi ya saba unamtukana Selwyn, kwa sauti.

— Nimtukane? Amenikosea nini?

— Yeye yuko juu amekaa, sisi tunabeba. Wilf hakuwahi kuipita hiyo ngazi bila kumtukana.

Akavua koti, akalikabidhi kwa Maureen, akashika. Moja, mbili, tatu. Nne tuliipita bila kupumua. Tano, sita. Kwenye ya saba mama Solanki akafungua kinywa, akamwaga matusi ya Kigujarati, marefu, na katikati akavuta pumzi ili ayaendeleze. Hatukuelewa neno hata moja, ila Kamba alilia hapo hapo, waziwazi, huku amebeba.

Juu mlango ukafunguka. Selwyn akasimama pale na soksi tu, viatu mkononi, akitutazama.

— Nani yuko kwenye kona ya Wilf?

— Meneja, nikasema kutoka chini, kinanda kifuani.

 Selwyn akajifuta pua kwa mkono wa shati.

— Mwambieni arudie hayo matusi. Sikusikia vizuri.