Neno Alilompa Marehemu Weems

Tarehe 3 Januari 1959 Mheshimiwa Delbert Stroud anastaafu ubunge, baada ya miaka ishirini na miwili Washington akiiwakilisha wilaya yetu ya milimani, Kentucky. Ofisi imeniomba niandike la kuchangamsha. Mimi, Lorena Pickett, nimempigia chapa barua zake miaka yote hiyo, na nitajitahidi.

Hakuna barua aliyoiacha bila jibu. Bwana mmoja wa Sandlick alimwandikia kila mwezi akitaka serikali imnyamazishe jogoo wa jirani, naye akajibiwa kila mwezi kwa adabu ile ile. Katika kampeni ya 1946 gari liliharibika, Mheshimiwa akamalizia safari juu ya nyumbu. Mpinzani wake akasema, "Hapo mwenye akili ni nyumbu." Akamjibu, "Ndiyo maana hakugombea." Barabara ya lami hadi Tolliver ni jasho lake.

Tolliver ndiko kwao, na ndiko kwetu. Mwaka 1948 ulikuja muswada wa bwawa ambalo lingelizamisha bonde zima. Aliupinga miaka mitatu, akawa hapati usingizi.

Bungeni kuna desturi ya kale isiyoandikwa popote: mbunge asiyeweza kufika humwomba mmoja wa wapinzani wake ajizuie kupiga kura, ili pasiwe na aliyepunjwa. Mheshimiwa Weems, aliyelitaka bwawa, alikuwa hospitalini. Alimwomba Mheshimiwa Stroud, wakapeana mikono.

Mchana wa siku ya kura ilifika telegramu kwamba Weems amefariki. Niliikimbiza hadi mlangoni mwa ukumbi.

"Mheshimiwa, mzee Weems hayupo tena. Uko huru, nenda ukapige kura."

"Huru kwa ruhusa ya nani, Lorena? Mwenye kunifungua ndiye huyo aliyekufa."

"Na Tolliver je? Mama yangu amelala kule."

"Najua. Na wangu pia."

Alipoitwa jina alisema yupo, basi. Muswada ulipita kwa kura 172 dhidi ya 171. Kura yake ingezilinganisha, na zikilingana muswada huanguka.

Wenzake walimsifu, wakasema muungwana ni vitendo. Kitendo hicho kiliwang'oa watu mia nne makwao. Makaburi yaliyohamishwa ni yale yenye majina tu. La mama yangu lilikuwa na jiwe la mtoni lisilochongwa kitu, likaachwa lifunikwe na maji. Watu wa Tolliver wakikutana naye huvuka barabara.

Sasa anastaafu na hana pa kurudi. Amepanga chumba Lexington, dirisha linatazama ukuta.

Mheshimiwa, wilaya inakushukuru kwa utumishi wako, na inakuombea afya njema na siku za utulivu. Hayo ni ya ofisi. Langu mimi ni moja. Uliniuliza siku moja kama nimekusamehe, nikaendelea kupiga chapa kana kwamba mashine imenizibia masikio. Nilisikia, Mheshimiwa. Kila mwaka najaribu, na bado sijaweza.