Aliyeua Minyoo wa Wifi Yetu

Wapendwa waombolezaji, mlioketi na mliokosa viti, familia imempa dada mkubwa wa marehemu, ndiye huyu anayesema nanyi, kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu, na kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda hotuba za kusinzisha watu, tunaomba atakayejisikia kucheka acheke bila kumwangalia jirani yake, maana angekuwa hapa yeye ndiye angeanza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Bwana Dawa, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baiskeli, akiwa kitinda mimba wa fundi baiskeli na mshona nguo, na kwa kuwa mama alikuwa kwenye cherehani kutwa nzima, malezi ya mgongoni yalimwangukia dada mtu, ndiyo maana hata alipoota mvi na kuitwa daktari aliendelea kutumwa dukani na dada yake huyo, naye akienda, ingawa alirudi na kitu tofauti na alichoagizwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, na huko ndiko tabia yake ilipojulikana, kwani hakuweza kumwona kiumbe anaumwa akampita, alimpaka kuku wa jirani dawa ya macho ya bibi, akamfunga mbwa wa mwalimu mkuu bandeji kwenye mguu uliokuwa mzima huku ule mbovu ukiachwa vilevile, hadi mama akawa anasema mtoto huyu kapewa huruma nyingi kuliko macho. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akaingia chuo kikuu mwaka uliofuata, na tarehe 20 Novemba 1981 akatunukiwa shahada ya tiba ya wanyama, baba yetu akiwa amevaa koti la kuazima lililombana kwapani, akipiga makofi hata kwa watoto wa wenzake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye shamba la ng'ombe na mbuzi, kuanzia Januari 1982, na huko alijipatia msemo alioupenda sana, kwamba tumbo la mnyama halingoji kibali, maana yake ukiona minyoo toa dawa, maswali yatafuata. Msemo huo ulimfaa sana shambani, ukamponza siku ya Jumatatu tarehe 6 Februari 1984, alipoanza kazi ya udaktari wa wanyama kwenye taasisi ya utafiti, katika jengo la panya, ghorofa ya chini, mwisho wa korido lililonukia vumbi la mbao na sabuni.

Katika jengo hilo alikuwapo mtafiti kijana, mwanamke mwembamba mwenye miwani mizito, ambaye leo ndiye mjane wetu aliyeketi pale mbele, naye alikuwa akitafuta jibu la swali moja tu, yaani minyoo wa tumboni hufanya nini kwenye ubongo wa panya. Ilikwisha kuonekana kwamba kitoto cha panya kikiugua homa kali siku chache baada ya kuzaliwa, kikikua huweza kuwa kisahaulifu, basi wifi yetu aliamini kwamba kikizaliwa na mama mwenye minyoo usahaulifu utazidi, mzigo juu ya mzigo, na ili athibitishe aliwalisha panya majike wadudu wa unga waliobeba vibuu vya tegu, wale minyoo bapa wa tumboni, akangoja hadi tegu wale wakakomaa, kwa hiyo masomo yake yote ya uzamivu yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya matumbo yale.

Bwana Dawa hakuyajua hayo, na watu wa kuuliza walikuwa mkutanoni, hivyo akapita chumba kwa chumba, akachukua kinyesi akakiweka chini ya hadubini, akaona mayai ya tegu tele, akawahurumia wanyama wale kwa kutelekezwa na watu waliosoma, akachanganya dawa ya minyoo kwenye chakula cha chumba kizima, akasimama hapo mpaka kikaisha. Kisha alimfuata mtafiti koridoni akamweleza kwa bashasha kwamba amemsafishia panya wake wote, na wala asihangaike kushukuru. Walioshuhudia wanasema mtafiti aliivuta ndoo iliyokuwa karibu, akaigeuza, akaikalia, watu wakaanza kuulizana kama aitiwe nesi.

Mkurugenzi alitaka ndugu yetu afukuzwe siku hiyohiyo, lakini mtafiti alisema kumfukuza ni kumpa likizo, abaki awalee panya aliowaharibu. Jioni ile Bwana Dawa alikuja kwa dada yake akashindwa kula, akasema amemharibia mtu maisha kwa huruma yake, naye dada akamjibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki lakini sakafu hupigwa deki, aende akaombe radhi. Alikwenda kesho yake saa za mapumziko na chupa ya chai, akasimama mlangoni, akaomba msamaha, mtafiti akapokea kikombe, akanywa, akamwambia bado. Akaenda tena siku iliyofuata, akaambiwa bado, na kuanzia hapo chai na ombi vikawa ratiba ya jengo, hata wasafisha matundu ya panya wakawa wanajua saa kwa kumwona Bwana Dawa akipita na chupa.

Sasa ikatokea kwamba vilikuwapo vitoto vilivyozaliwa kabla ya dawa, mama zao wakiwa na tegu, na vingine vikazaliwa na mama haohao baada ya dawa, vyote vikapitishwa kwenye homa ileile, vikakua, vikafundishwa njia katika kijumba cha vichochoro vya mbao chenye kipande cha biskuti mwishoni. Siku ya kujaribiwa, vile vya baada ya dawa vilizunguka kama wageni sokoni, lakini vile vya kabla ya dawa, ambavyo mtafiti alitarajia vitakuwa mbumbumbu kabisa, vilikwenda moja kwa moja kwenye biskuti. Mtafiti alisema haiwezekani, lazima Bwana Dawa amechanganya matundu, na kwa rekodi yake hakuna aliyeona kuwa ameonewa.

Ikabidi kazi yote irudiwe tangu mwanzo, kwa panya wapya na tegu wapya, na aliyekabidhiwa kuwalisha panya minyoo ni yuleyule aliyesomea kutoa minyoo, akawa anafanya hivyo kwa uso wa huzuni, akiwaomba radhi panya mmoja mmoja. Majibu yalirudi yaleyale, kwamba tegu wale, kwa kuutuliza mwili wa mama na wa mtoto, walizuia kinga ya mwili isipandwe na hasira na kuwasha moto ndani ya ubongo mchanga, hivyo kumbukumbu ikasalimika, na kupotea njia kukawa kweli ndiko kujua njia, kwa kuwa bila dawa ya Bwana Dawa hakuna ambaye angefikiria kuwalinganisha wale wa kabla na wa baada. Wifi alipoyasoma majibu hayo mbele ya wanazuoni, mwishoni alimshukuru mtu aliyemuulia minyoo, ukumbi ukacheka, ndugu yetu akainuka akainamisha kichwa, na wifi aliporudi kuketi kando yake akamnong'oneza kumuuliza kama basi sasa amesamehewa, akaambiwa bado.

Tuseme hapa kwa niaba yake, kwa sababu aliulizwa mpaka kwa kinyozi, kwamba hakuwahi kumshauri mtu ameze minyoo, alisema panya ni panya na mtu ni mtu, na wapo minyoo wengine wanaoingia kwenye ubongo wenyewe wakauharibu, na watoto wake mwenyewe aliwapa dawa kila likizo, wakikimbia nyumba nzima.

Mwaka 1987, siku moja saa ya chai, aliomba mambo mawili kwa mpigo, msamaha na ndoa, la pili akakubaliwa palepale, la kwanza likabaki lilivyokuwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba mwaka huo, katika ofisi ndogo yenye feni mbovu, mashahidi wakiwa dada wa bwana harusi na mwosha matundu, wakajaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1989, na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 17 Agosti 1993, ambao baba yao aliwafichia biskuti nyumbani ili ajue nani ana kumbukumbu nzuri, mpaka mama yao alipoukuta msafara wa sisimizi chini ya godoro lake. Kila mwaka siku ya ndoa yao, mbele ya wageni, alisimama akaomba msamaha wa minyoo, na kila mwaka wifi akajibu bado, sisi tukapiga meza kwa kicheko.

Wengi walidhani ni mzaha wa mke na mume, na kwa kiasi kikubwa ulikuwa mzaha, lakini dada yake anajua kwamba neno lile lilimchoma, kwa maana alipostaafu tarehe 30 Juni 2016, wakati wenzake wakimsifu, alimwambia dada kwamba sifa zote zile angezibadilisha kwa neno moja la mke wake, kwa sababu kila alipomtazama aliikumbuka ile ndoo. Dada alimwambia aache utoto, na jibu hilo halikumsaidia.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022, miguu ikawa inavimba, akawa analala ameegemea mito, na tarehe 2 Machi 2024 akalazwa hospitalini, ambako aliwafundisha wauguzi namna ya kumpa mbuzi sindano, ingawa hawakumuuliza. Siku ya Alhamisi tarehe 14 Machi, adhuhuri, wifi alimpelekea chai, safari hii yeye ndiye akiwa ameshika chupa, naye akaomba msamaha kwa sauti iliyokuwa imebaki ndogo sana. Wifi akaweka kikombe chini, akamwambia kwamba alimsamehe zamani, siku ya tatu tu baada ya kosa, ila aliogopa kwamba akimwambia hatakuwa na sababu ya kurudi na chai, na baadaye, walipokuwa tayari mke na mume, akawa ameizoea hofu ile, hakujua aiache vipi. Marehemu alimtazama, akacheka hadi mashine ikalia na muuguzi akaja kumgombeza, kisha akamwambia mkewe kwamba amesikia na amefurahi, lakini kesho ataomba tena, kwa kuwa hata yeye hataki kuacha kuja. Saa kumi jioni ya siku hiyohiyo alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika, waliobeba viti na waliolala nasi, wafanyakazi wenzake wa jengo la panya ambao wamefunga kazi leo na kumwacha mmoja tu wa kulisha wanyama, na mkurugenzi mstaafu, ambaye ametuomba tuseme wazi kwamba anafurahi hakumfukuza. Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada ambaye sasa hana wa kumtuma dukani.

Mdogo wetu, kesho uliyoiahidi haikukukuta, na wifi anasema hudaiwi kitu. Pumzika kwa amani.