Mama Vifaa Anaiacha Wodi ya Ghorofa ya Pili

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, mhandisi wetu wa programu tunayemwita Mama Vifaa atafunga virago na kustaafu rasmi. Wapo wanaosema hawataamini mpaka wamwone akitoka getini. Mimi ni mmoja wao. Huko nyuma ameshatuaga mara mbili, keki tukala, hotuba tukasikiliza, na Jumatatu yake tukamkuta mezani kwake anakunywa chai, bisibisi nyuma ya sikio, mkataba umeongezwa.

Kwa msomaji asiyemjua, nieleze kwanza kazi yake. Kompyuta haizaliwi ikijua kuongea na mizani, wala na printa ya risiti, wala na kipimajoto. Lazima awepo mkalimani katikati. Mkalimani huyo ni msimbo, yaani maandishi ya kuiagiza kompyuta, na mafungu ya msimbo wa namna hiyo tunayaita maktaba, maana waandishi wengine wa programu huja kuazima humo badala ya kuanza upya. Maktaba za Mama Vifaa ni huria: yeyote, popote alipo, huzichukua bure, huzisoma, na akiona kasoro hutuma marekebisho. Basi lazima awepo mtu wa mlangoni wa kuamua lipi liingie na lipi lirudi lilikotoka. Mtu huyo amekuwa yeye.

Na jamani, mlango ule haukuwa mchezo. Ungeweza kuwa profesa, ungeweza kuandika msimbo mtamu wa kusomwa kwa sauti, bado ungejibiwa kwa swali lilelile: kifaa umekigusa? Yaani umekiweka mezani, ukakiwasha, ukaona kwa macho yako kinafanya unachosema? Kama hujakigusa, rudi ukakiguse. Kama huwezi, kitume kwetu akiguse yeye. Watu walinuna, wengine walimwita kichwa ngumu, na kusema kweli hawakukosea sana.

Sheria hiyo aliipata kwa aibu, na kisa chenyewe hupenda kukisimulia mwenyewe. Alipokuwa mgeni kazini, aliandika msimbo wa printa ya risiti kwa kusoma maelezo ya mtengenezaji tu, printa yenyewe hajaiona hata kwa mbali. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa safi. Kwenye duka la mteja wa kwanza, printa ilitoa risiti ya sabuni moja, ikaendelea, ikaendelea, mpaka karatasi yote ikaisha. Mwenye duka hakutukana. Aliikunja ile risiti yote, akaitia kwenye boksi, akamtumia kwa posta. Mama Vifaa aliibandika ukutani, ikazunguka chumba kizima, na kipande chake bado kipo juu ya swichi ya taa. Siku hiyo alikula kiapo: kisichoguswa hakipiti.

Hivyo ndivyo vifaa vilivyoanza kumiminika. Mlinzi wetu wa getini aliacha zamani kuuliza maboksi ni ya nani. Chumba cha ghorofa ya pili kikajaa rafu za chuma, na sisi tukakiita wodi, kwa sababu kila kifaa kina kibandiko cha ugonjwa wake: huyu anakwama, huyu anarudia maneno, huyu akipata joto anasahau yeye ni nani. Kila asubuhi Mama Vifaa hupita wodini kabla ya kumsalimia binadamu yeyote. Wodi ilipojaa, wagonjwa wengine walihamia nyumbani kwake. Mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu na mtu mwenye subira ya kupigiwa mfano, amekula chakula cha jioni mwaka mzima sahani ikiwa mapajani, kwa kuwa meza ilikuwa na mashine ya alama za vidole isiyotakiwa kusogezwa.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote ni mizani ya watoto wachanga. Mkunga wa hospitali moja ya mbali alituandikia kwamba kiwanda kilichoitengeneza kimefungwa, hospitali imeletewa kompyuta mpya, na mizani na kompyuta havielewani. Akatutumia mizani yao moja mbovu iliyovunjika sinia, akiomba tujaribu. Mama Vifaa alileta sinia kutoka jikoni kwake, akalifunga pale kwa skrubu, likakaa kama limezaliwa hapo. Alipima sukari, akapima chumvi, na mhasibu wetu alipokuja kutuonyesha mwanawe mchanga, mtoto naye akapimwa huku anapiga miayo. Mkunga akapata msimbo wake. Baadaye hospitali nyingine nyingi zikauchukua pia. Mumewe analitafuta lile sinia mpaka leo.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Mama Vifaa hakuchelewa kustaafu kwa kupenda mshahara. Aliogopa. Mtoto mchanga hupewa dawa kulingana na uzito wake, na uzito ukisomwa vibaya, dawa nayo inakosewa. Hofu yake ilikuwa moja: siku atakapoondoka, litakuja rekebisho zuri la kupendeza, aliyelileta ni mtu mkubwa, na wa mlangoni ataona haya kumuuliza. Kila bosi alipomwambia akabidhi ufunguo wa kupitisha marekebisho, alijibu bado. Mwaka huu alikubali, shingo upande, akamkabidhi mwenzetu tunayemwita Kimya, baba wa watoto wawili, anayeongea kama analipia kila neno. Kisha akaenda likizo ya mwisho, na tuliona wazi kwamba moyo haujatulia.

Akiwa huko nyumbani, mkunga yule akaandika kwamba mizani inachelewa mno kutoa jibu na watoto wanalia. Mama Vifaa akaketi kwenye meza ya chakula, akaandika dawa yake, akaituma kama mtu mwingine yeyote. Habari ilienea ofisini kwa dakika chache. Wote tukajazana nyuma ya kiti cha Kimya. Msimbo ulikuwa mfupi, msafi, mkono wa Mama Vifaa kabisa. Kila mtu alijua atabonyeza kupitisha. Ni nani angemrudisha aliyetufundisha kazi?

Kimya alisoma mara mbili. Akaangalia mlango wa wodi, ambamo mizani ilikuwa imekaa kwenye rafu yake, na mwandishi wa msimbo yuko nyumbani kwake. Halafu akaandika: “Kifaa umekigusa?”

Jioni hiyo hakukuja jibu. Tulikaa roho mkononi. Mimi nilimwambia Kimya amemkosea mama adabu, na mpishi wa chai akaongeza lake. Kimya akavaa koti, akaenda kwao.

Asubuhi Mama Vifaa aliingia na mfuko wa unga wa kilo mbili kwapani. Hakumsalimia mtu. Alienda moja kwa moja wodini, akaunganisha mizani, akaweka msimbo wake mpya, akautua unga kwenye sinia. Jibu lilikuja haraka kweli, kama alivyokusudia. Kilo moja na nusu. Alikuwa ameiharakisha mizani mpaka ikawa inasoma uzito kabla sinia halijatulia.

Alisoma namba kwenye mizani, akasoma mfuko wa unga. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, akavua miwani, akafuta macho, na sisi mlangoni tusijue tucheke au tukimbie. Alipopata pumzi alimwita Kimya, akamshika mkono, akamwambia: “Ningekuwa bado mimi mlangoni, ningejipitisha. Haya, baba. Sasa naweza kwenda nyumbani.”

Akasahihisha, Kimya akapima unga tena na tena, rekebisho likaingia. Mkunga ameshaandika kwamba watoto wanapimwa upesi na sawasawa. Kabla ya saa sita mumewe alipiga simu kuulizia unga.

Kwa hiyo mara hii keki ni ya kweli. Zawadi yetu, tunaitaja hapa ili mwalimu, mumewe, asije na wasiwasi siku ya sherehe, ni sinia jipya na mfuko wa unga. Vile vya zamani havirudi. Viko wodini na vina kazi.

Mama Vifaa, asante kwa miaka yote uliyotusumbua. Asante kwa watoto ambao hutawaona kamwe na ambao wamepimwa vizuri kwa sababu yako. Kale chakula chako mezani sasa, sahani iwe juu ya meza. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na furaha tele ya nyumbani. Na tunajua hutavumilia, utatuletea msimbo tena. Ulete tu, utapokelewa kwa mikono miwili, na utaulizwa.