Shangazi wa Mabeseni: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kibarua cha Miezi Mitatu

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Fundi Sanifu wa Mimea ya Majini katika bwawa letu atastaafu rasmi. Sote tunamwita Shangazi, kwa sababu ndivyo anavyotugombeza. Aliajiriwa kibarua cha miezi mitatu, "mpaka magugu yaishe". Ofisi inayo furaha kutangaza kwamba magugu hayajambo.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, magugu maji ni yale majani yenye maua ya zambarau ambayo kila mkubwa akitutembelea lazima apige nayo picha. Yakishiba mbolea ya mashambani na maji machafu ya mjini, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Hufunika maji, samaki hukosa hewa, kisha huziba mdomo wa pampu na mji mzima unatupigia simu. Simu hizo tumezipokea kwa miaka mingi, kwa ukarimu mkubwa.

Idara haikukaa bure. Ilinunua mashine ya kukata magugu, ikazinduliwa kwa utepe na hotuba tatu. Shangazi akasema kila kipande chenye shina kitachipua upya. Akashukuriwa kwa maoni yake. Mashine ilikata vizuri, vipande vikachipua vizuri zaidi, na leo yenyewe imeegeshwa nyuma ya karakana, ndege wametaga kwenye kiti cha dereva. Mwaka uliofuata mkuu mmoja aliagiza matete ya mlangoni mwa mto yafyekwe ili bwawa lipendeze. Shangazi aligoma, maana matete hayo ndiyo yanayozuia tope na mbolea visiingie bwawani. Alipewa barua ya onyo. Ameitia kwenye fremu na kuiweka mezani, pale sisi wengine tunapoweka picha za watoto.

Dawa yake yeye ilikuwa fukusi, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye chakula chake ni magugu maji tu, na anakula taratibu. Makao makuu yalitaka matokeo kila robo mwaka. Fukusi hawakuusoma waraka. Shangazi aliwafuga katika mabeseni kumi na mawili nyuma ya stoo, akiwabadilishia majani kila Jumatatu kwa miaka mitano.

Hapa nafika mahali ambapo kamati ya sherehe iliniomba niparuke. Tulipotarajia ugeni mkubwa, ofisa utawala mmoja mchapakazi aliona mabeseni kumi na mawili ya maji machafu yenye majani yaliyotobokatoboka. Akaamuru yamwagwe mtaroni, yasuguliwe kwa sabuni na kupangwa vizuri. Yalimetameta, na wageni waliyasifu. Ofisa huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Shangazi hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliuliza tu ni mtaro upi, akavaa buti, akaingia na chujio la chai la jikoni kwetu. Kufikia jioni alikuwa ameokoa fukusi arobaini na mmoja. Aliwapeleka nyumbani kwake, bafuni. Mumewe, fundi cherehani mpole, alioga kwa ndoo uani miezi minne. Nilipokwenda kwake kushonesha suruali, alinikaribisha kiti na kusema, "Bosi, subiri kidogo, wageni wako bado hawajatoka bafuni."

Hao arobaini na mmoja ndio waliozaa wote tulio nao, wa kwenye mabeseni na wale Shangazi aliowaachilia bwawani. Miaka minne baadaye magugu ya mbele ya pampu yaligeuka kahawia, yakazama kimya kimya, bila utepe wala hotuba. Sasa ni miezi kumi na tisa hatujapigiwa simu. Makao makuu yametoa cheti cha pongezi kwa mashine.

Na kwa kuwa tatizo limekwisha, nafasi ya Shangazi haitajazwa. Mbegu za magugu, ambazo huweza kulala topeni miaka ishirini, zimepokea uamuzi huo kwa shukrani. Mara tatu Shangazi ameandika kuuliza nani atawabadilishia fukusi majani, kwa sababu wasipolishwa watakufa, na magugu yakirudi hatutakuwa na cha kuyapelekea. Barua zake zinashughulikiwa.

Jana nilikuta mezani kwangu ufunguo wa stoo, lile chujio la chai, na beseni moja lenye karatasi iliyobandikwa: "Kila Jumatatu. Usimwage."

Shangazi, kwa miaka yote hii sijawahi kukuomba radhi. Nisamehe. Ahsante kwa maji yanayotoka bombani. Nenda kapumzike, uwe na afya na siku nyingi za raha, na mzee naye aendelee kuoga ndani kama watu wengine. Buti nimeshanunua. Jumatatu nitakuwa nyuma ya stoo.