Mayai ya Jirani

Gari pekee la ubalozi lilikuwa gereji, kwa hiyo balozi alipanda basi kwenda wizarani kusaini mkataba wa kuruhusu mayai ya nchi yake kuuzwa katika nchi hii jirani. Kwenye kiti cha mbele yake, mfuga kuku na mwoka keki walikuwa wameshaanza majadiliano bila yeye.

"Mayai yao yakiingia, dada, kuku wangu itabidi niwale mwenyewe," alisema mfugaji.

"Wale tu, kaka. Mayai yako ni ghali kama yametagwa na tausi."

"Vijinchi viwili hivi, ukipiga chafya huku unapewa pole kule. Mkataba wa nini?"

"Eti wana balozi hapa."

"Huwa anashinda akifanya nini?"

Balozi, ambaye naye amewahi kujiuliza hivyo, alitazama dirishani. Mfugaji akamgeukia. "Mzee mwenye tai, tuamulie. Mayai bora ni yetu au yao?"

Nchi nzima ilikuwa mabegani mwake. Akakohoa.

"Mimi sili mayai."

Basi lilisimama mbele ya wizara. Aliliacha liondoke naye akiwa ndani, akashukia kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu, tai mfukoni.