Siraj Isabirye na Sikukuu ya Nungunungu

Wazee wetu, majirani, na ninyi mliotoka Jinja alfajiri, asalaam aleikum, na wageni wetu Wakristo poleni kwa safari, mimi ni Bushira, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wenzangu machozi yamewazidi, yangu yamekwisha tu.

Marehemu Siraj Isabirye alizaliwa hapa Nakaloke tarehe 12 Machi 1969, akasoma shule ya msingi Nabuyonga, akamaliza darasa la saba mwaka 1984, baba alipofariki akaenda Jinja kwa mjomba, na huko madereva wa malori ya Kenya wakamfundisha Kiswahili, lugha ambayo mama yetu hakutaka kuisikia, kwake ilikuwa ya askari.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika ukumbi wa video kule Mpumudde, Jinja, kutafsiri filamu kwa mdomo, picha inakwenda naye ameshika kipaza sauti, mwizi yeye, polisi yeye, bibi harusi yeye, na tarehe 9 Agosti 1997 alimuoa wifi yangu Kulusumu, wakajaliwa mtoto mmoja, Madinah, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2001.

Disemba 2013 alipata filamu ya katuni ya nungunungu, si zile tatu ndefu mnazozijua, ni ile fupi iliyotengenezewa televisheni kwa ajili ya Krismasi, theluji akaiita mvua ya mawe, na kila waliposema Krismasi yeye alisema sikukuu, hivyo watoto wa dereva Wasike, ambao ni Wakristo, wakaiona kuwa yao Disemba, na watoto wetu wakaiona kuwa yao siku ya Idd. Wazee wa msikiti walimlaumu kwamba anatangaza Krismasi, akina mama Wakristo wakamlaumu kwamba anaificha, naye aliniambia amewachoka nungunungu wale kuliko mgonjwa anavyochoka uji, lakini sikukuu ikifika watoto wanajaa mlangoni, anarudi tena kuwasemea.

Madinah alitaka kazi hiyo tangu akiwa shuleni, kaka akakataa, akasema binti yake hatapiga kelele mbele ya wanaume ukumbini, wakanuniana miaka, wifi akiwa katikati anabeba salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Mwaka 2022 alianza kuugua koo, madaktari wakamkataza kusema kwa nguvu, hakusikia, hadi tarehe 25 Disemba 2024, watoto wamekaa tayari, filamu imeanza, na sauti haikutoka kabisa. Madinah alikuwa amesimama nyuma, akaja, akachukua kipaza sauti bila ruhusa, akawasemea nungunungu wote mpaka walipoketi mezani, pale baba yao anapotaja siku yenyewe, naye kwa haraka akasema Krismasi kama ilivyo kwenye picha, watoto wetu wakageuka kutazamana. Kaka akamshika mkono, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, akasema kwa sauti iliyokwaruza, “Sema sikukuu, mwanangu. Hapa kila mtu iko na yake.” Kisha akamwachia, akaenda kukaa kwenye benchi na watoto, akatazama mpaka mwisho, wifi anasema hakuwa amewahi kumwona akitazama filamu akiwa amenyamaza.

Baada ya hapo hakusema tena neno la kusikika, alifariki nyumbani kwake Mpumudde tarehe 14 Januari 2025, saa kumi na moja alfajiri, Madinah akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mpumudde waliopika na kukesha, Wasike aliyetuletea mwili kwa gari lake bila kuombwa, na wenzake wa ukumbini, ambao jana walimkabidhi Madinah funguo, nasi ndugu zake tumekubali, maana ruhusa aliitoa mwenyewe.

Kaka, umewasemea watu wengi, nasi tumechoka kukulilia, Mola akulaze pema, pumzisha koo lako, binti yako atasema.